Shemeji Verlin na Duka Jipya la Bunduki

Mimi mtu akinichekea bila sababu, kwanza naangalia mkoba wangu uko wapi. Ndivyo nilivyoumbwa, na kwa umri huu sibadiliki tena. Kwa hiyo shemeji yangu Verlin Kratzer alipobisha mlango wangu asubuhi moja ya Januari, amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi ameshika kikaango cha chuma cha marehemu mke wake, sikumwambia karibu. Nilimwambia, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Rowena. Chukua. Kuanzia leo ni chako."

"Changu kwa lipi?"

"Si ulikuwa unakitaka?"

Kukitaka nilikitaka, siwezi kusema uongo. Arvilla, mke wa Verlin, alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, tumekulia nyumba moja, na kile kikaango kilikuwa cha bibi yetu. Bibi alipokufa akarithi yeye, mimi nikapewa saa ya ukutani isiyotembea. Miaka yote Arvilla hakuniruhusu hata kukishika. Alikuwa na hakika kwamba nitakiosha kwa sabuni. Kikaango cha chuma cha namna ile hakioshwi kwa sabuni, kinasuguliwa kwa chumvi kikapakwa mafuta, na huku kwetu mwanamke anayekitia sabuni husemwa mpaka kanisani. Hata alipokuwa kitandani na ule ugonjwa uliomwondoa, nilimtania, "Sasa kikaango je?" Akacheka kwa shida, akasema, "Verlin atazikwa nacho, wewe mwenye masabuni yako." Leo Verlin huyohuyo ananiletea mlangoni, tena amekipaka mafuta kinang'aa. Nikakipokea, lakini moyo haukutulia.

Inabidi mumjue Verlin ndipo mjue kwa nini. Alizaliwa hapa hapa Moser Gap, juu kidogo ya kijito, huku milimani Pennsylvania. Alifanya kazi kiwanda cha mbao mpaka kikafungwa. Msumeno ulimkata nusu ya kidole, akakifunga kwa leso, akamaliza zamu ndipo akaenda hospitali, na daktari alipomuuliza mbona umechelewa akajibu, "Kulikuwa na mbao." Baada ya hapo, kila majira ya baridi, yeye ndiye aliyeendesha lile gari la kusukuma theluji barabarani, na wewe ukiamka unaikuta njia yako imesafishwa, humwoni mtu. Kuongea haongei. Kwenye harusi yangu alisema maneno mawili tu: "Chakula kizuri."

Na jinsi alivyomposa Arvilla ndiyo kabisa. Alikuja nyumbani kwetu na paja zima la kulungu, akaliweka mezani mbele ya mama mdogo, akavua kofia, akaivaa, akaondoka. Mama mdogo akashangaa, "Huyu kijana vipi?" Bibi akamwambia, "Ala! Si anamtaka binti yako." Ndiyo ilikuwa posa hiyo. Verlin kama ana jambo moyoni halisemi, analibeba mkononi analeta.

Sasa nanyi semeni. Mjane wa kiume, kanyoa, kapiga pasi, kaleta kikaango. Mimi mwenyewe mume wangu alishatangulia zamani. Nilisema moyoni, hee, mzee huyu ananitaka!

Kabla sijakaa sawa akasema, "Jumamosi una kazi?"

"Kwa nini?"

"Nilifikiri twende ule ukumbi mpya. Wa kulenga shabaha. Pale lilipokuwa duka la samani."

Nilimkazia macho. Verlin huyu amelenga shabaha maisha yake yote nyuma ya banda lake, makopo juu ya ua, mlima mzima nyuma yake wa kupokea risasi, bure. Ukumbi ule umefunguliwa na watu wa kuja, una zulia na mashine ya kahawa, na unalipia kwenda kupiga karatasi ndani ya nyumba kama vile nje hakuna. Sote tulikuwa tumeucheka. Verlin mwenyewe aliucheka, na Verlin kucheka si jambo la kila mwezi.

"Wewe? Ukumbini?"

"Nataka kuona tu kulivyo."

"Na huwezi kuona peke yako?"

Akaangalia viatu vyake. "Kuwa na mtu ni bora," akasema, akaenda zake.

Nikabaki na kikaango mkononi. Na hapo pana jambo lingine lililokuwa likinikera siku nyingi, nalo niliseme. Baada ya kumzika Arvilla, binti yao Denise alikuja na mumewe wakalifungua kabati la bunduki la Verlin, wakabeba zote, mpaka ile aliyorithi kwa baba yake, yenye kitako cha mti wa jozi. Nilimuuliza Denise sababu. Eti wajukuu wasije wakazichezea. Wajukuu wenyewe wanasoma Ohio na huja Krismasi tu! Nikajua ni yule mkwe, ana macho ya mtu wa kuuza vitu. Nikamwambia Denise usoni. Akanijibu, "Mama mkubwa, nakuomba, hilo liache." Macho yamemjaa maji. Nikaliacha mdomoni, moyoni sikuliacha. Na msimu wa kulungu ulipofunguliwa mwaka huo, siku ambayo kwetu shule zinafungwa na hata kinyozi hafungui, Verlin alikaa nyumbani. Alisema magoti. Ningesema nini? Na mimi nina magoti.

Jumamosi ikafika. Nikavaa gauni langu la bluu na nikapaka rangi ya midomo. Msinicheke. Nilikuwa nimeshaamua kumkatalia, ila mwanamke akimkataa mtu, akatae akiwa amependeza.

Verlin akaja na pikapu yake. Imeoshwa! Nikafungua mlango nikiwa nimeshika leso tayari, maana kiti kile ni cha Banjo, mbwa wake wa kuwindia sungura, masikio marefu, na mimi nikikaa karibu na mbwa napiga chafya mpaka mbavu zinauma. Banjo hakuwepo. Hata unyoya wake mmoja haukuwepo kwenye kiti.

"Mbwa yuko wapi?"

"Nimempa Harvey Lesh."

"Umempa kumtembeza?"

"Nimempa awe wake."

Banjo ni mtoto wa mbwa wa Arvilla, analala miguuni pa Verlin, wakila wanakula pamoja. Watu wa huku mwanamume anaweza kukuazima gari lake, anaweza kukuazima hata trekta, mbwa wake wa kuwinda hakupi. Na huyu amempa jirani ng'ambo ya daraja, hivihivi. Nikajiambia, jamani, ameondoa mbwa kwa sababu ya chafya zangu. Mzee amepania! Nikaona huruma, na hasira, na nikiri, kidogo nikafurahi pia. Nikaanza kupanga maneno ya kumkatalia bila kumvunja moyo.

Njiani aliendesha polepole, akiangalia mashamba huku na huku, theluji imetanda. Tulipopita makaburini alivua kofia, akaivaa tena.

Tulipofika, mbele pana milango miwili ya vioo. Mimi nikauvuta wa kulia, haufunguki. Verlin hakujisumbua nao, akapita moja kwa moja wa kushoto.

"Ulishawahi kuja hapa?" nikamuuliza.

"Sijawahi."

Hm, nikasema.

Ndani kunanukia zulia jipya na kahawa. Pale nilipochagulia kitanda changu cha ndoa sasa wametundika bunduki ukuta mzima, safu kwa safu, na taa za kuzimulika kama mikufu ya sonara. Kamera kila kona ya dari. Nikaziangalia nazo zikaniangalia. Kwa nyuma, kupitia ukuta, unasikia pu, pu-pu, kama jirani anapiga zulia lake fimbo. Msichana mmoja akanijia na meno yote nje: "Karibu mama! Tuna bastola nzuri za akina mama, tazama hii ya rangi ya waridi!"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimechuna kulungu kabla mama yako hajajua kutambaa. Hiyo ya waridi kampe mwanasesere."

Akacheka. Kila kitu hapo kinawachekesha. Nikaubana mkoba wangu kwapani.

Verlin alikuwa ameshafika kaunta ya kukodi, huko mwisho, wala hakuulizia iko wapi. Nyuma ya kaunta alisimama bwana mmoja mnene, ndevu mpaka kifuani, mikono yote imechorwa. Kwenye shati imeandikwa Wade.

"Karibu mzee," akasema Wade. Kisha akaniona mimi, uso ukamfunguka. "Aa, karibu mama. Kumbe leo mko wawili. Vizuri."

Leo. Neno hilo lilinikaa sikioni likakataa kutoka.

"Nataka kukodi," Verlin akasema.

"Bunduki ndefu au bastola?"

"Bastola."

Nikageuka nikamtazama. Verlin bastola haitaki. Amesema mara elfu kwenye meza yangu kwamba bastola ni ya polisi na ya wajinga, kwamba kitu usichoweza kuleta nacho nyama nyumbani ni kelele tu.

"Unapendelea ipi, mzee? Tuna hizi ndogo, tuna hizi..."

"Yoyote tu."

Yoyote tu! Huyu ni mtu aliyewahi kukaa mchana kutwa duka la vifaa akichagua mpini wa shoka, anaunusa, anaupima begani, anaurudisha, mpaka mwenye duka akamletea kiti. Bunduki ya kwanza aliyomnunulia Denise aliijaribu msimu mzima mwenyewe ndipo akampa. Leo yoyote tu. Wade akaweka moja juu ya kaunta, na Verlin hakuitazama hata kujua ina rangi gani.

Halafu akanigeukia. "Shemeji, kaa pale kwenye kiti, unywe kahawa. Mimi naingia mara moja."

Nikapandwa na hasira. "Umenitoa nyumbani kwangu, nimevaa hivi, nije ninywe kahawa? Mimi siingii?"

"Kuna kelele ndani. Hutapenda."

"Nani kakwambia sitapenda? Na kama unaingia peke yako, ulinihitaji mimi wa nini?"

Nikamgeukia Wade, maana nilishaona hapa nachezewa, na nilidhani ni hila ya duka, wanataka walipwe na wawili. "Na wewe. Kwa nini umefurahi tuko wawili? Mnatoza kila kichwa, siyo?"

"Hapana, mama. Hatutozi." Akajikuna ndevu. "Ni utaratibu wetu tu. Mtu ambaye hana bunduki yake, akija peke yake, hatumkodishi. Mpaka awe na mwenzake. Mzee anajua, alikuja Jumanne nikamrudisha."

"Jumanne," nikasema. "Na kwa nini hamkodishi mtu mmoja?"

Wade akaangalia upande ule wa ukuta zinakotoka zile pu-pu. Akashusha sauti. "Mama, kumbi nyingi ziko hivyo. Tunajifunza kwa shida. Kuna watu huja mahali kama hapa, na hawana nia ya kulenga karatasi."

Basi.

Nilimtazama Verlin. Alikuwa anafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Na mimi, mwanamke nisiyedanganyika, mwenye kumshuku kila mtu tangu mhubiri mpaka msichana wa bastola za waridi, nikaviona vyote vimepanga foleni mbele yangu. Kikaango. Banjo. Kabati tupu, na macho ya Denise yaliyojaa maji. Kofia aliyovua pale makaburini. Shemeji hakuwa amekuja kunitaka. Alikuwa anagawa vitu vyake. Na mimi alinileta niwe yule mtu wa pili.

Lakini mdomo wangu, namshukuru Mungu, haujawahi kulegea.

"Mimi sikuja na huyu," nikasema.

Wade akanikodolea. "Nini, mama?"

"Nimesema sikuja naye. Kila mtu amekuja kivyake. Mimi simjui."

Verlin akainua uso. Tangu nimjue sijawahi kuona uso ule. "Rowena," akasema.

"Usiniite Rowena, bwana. Mimi na wewe tunajuana wapi?"

Kulikuwa na wanaume wengine pale wanachagua risasi, mmoja wao ni Orrin mpiga kinanda wa kanisani kwetu, amekuwa akituona na Verlin kiti kimoja kila Jumapili. Akaacha mdomo wazi. Wade naye, masikini, bado hajaelewa, akasema, "Lakini mama, nimewaona kwenye kamera, mmeshuka gari moja."

"Basi kamera yako inasema uongo! Kairudishe ulikoinunua!" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Nakwambia huyu mtu yuko peke yake! Hana mwenzake! Umesikia au nikuandikie? Yuko peke yake!"

Hapo ndipo Wade aliponielewa. Nililiona likimwingia. Mkono wake mkubwa ule ukaifunika ile bastola, ikateremka chini ya kaunta, nikasikia droo ikifungwa kwa ufunguo.

"Mzee," akasema kwa upole, "leo hapana. Pole sana."

Verlin akaitazama ile droo. Shingo imemwiva kwa aibu. Kisha akageuka akatoka, mlango wa kushoto, na mimi nyuma yake nakimbia na viatu vyangu vya kanisani kwenye barafu. Nilimwahi kabla hajawasha gari, nikaingia, nikanyoosha mkono nikachomoa funguo, nikazitia kifuani kwangu.

"Toa hizo," akasema.

"Njoo uzitoe, tukaone."

Vioo vikaanza kuweka ukungu. Mlangoni kwa duka Wade alikuwa amesimama bila koti, anatuangalia, wala haingii ndani.

"Verlin, nitakuuliza mara moja, na usinizungushe. Ulitaka kujiua mle ndani?"

"Ndiyo."

Hivyo tu. Kama mtu aliyeulizwa kama anatumia sukari.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa ukweli sikujiandaa. Nikalia. Nililia kwa hasira, rangi ya midomo ikaenda mpaka kidevuni. "Na mimi nimekaa kwenye kiti? Na kikombe cha kahawa mkononi? Ndivyo ulivyonipangia, Verlin?"

"Alihitajika mtu wa kumwambia Denise taratibu."

"Kwa nini mimi? Mji mzima huu, kwa nini mimi?"

Akafikiria. Verlin hata hapo alifikiria kwanza. "Kwa sababu wewe una moyo mgumu," akasema. "Huzimii."

"Moyo mgumu! Mimi paka wangu alipokufa nililia wiki nzima!"

"Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza! Hakuna mtu anayeniuliza mimi kitu, wote mnadhani nimeundwa kwa mbao!" Nikampiga begani. Nikampiga tena. Hakujikinga, akayapokea mapigo tu, na nilipoinua mkono kumpiga mara ya tatu nikaona machozi yanatiririka kwenye yale mashavu aliyoyanyoa vizuri. Mkono ukashuka wenyewe.

"Nyumba imenyamaza, Rowena," akasema. "Nikiamka asubuhi naisikiliza. Nasikiliza mpaka jioni. Haina kitu."

Huyo ni Verlin. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Nilimshika mkono, ule wenye kidole nusu, nikaushikilia, na nikamwambia, "Sogea. Naendesha mimi."

"Hujui gia zake."

"Zitanijua."

Gari lilizima njiani mara sijui ngapi. Tulipita kwanza kwa Harvey Lesh. Nilimwambia Harvey lete mbwa, akaanza, "Lakini nilipewa," nikamwambia, "Harvey, mimi na wewe tutakuja kuongea, leo nipe mbwa." Aliiona sura yangu akamtoa Banjo mbio. Mbwa akaruka juu ya Verlin, akamlamba uso mzima, akilia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mimi nikapiga chafya mpaka kwa Denise.

Denise alipofungua mlango akatuona sote watatu, hakuuliza. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Baadaye, jikoni, baba yake amelala kwenye kochi na mbwa juu ya miguu, ndipo aliponiambia. Jioni ya mazishi ya mama yake alimkuta babake bandani amekaa gizani na ile bunduki ya babu mapajani. Hakumgombeza, alimnyang'anya tu. Na Verlin akamwapisha asimwambie mtu, kwa aibu.

"Nilidhani nikiziondoa bunduki yameisha, mama mkubwa."

"Na mimi nilidhani mumeo ni mwizi," nikasema. Denise akacheka huku analia. Kisha tukapiga ile simu ya msaada, ya watu waliofika ukingoni mwa kujiua, tukaongea na mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, na Jumatatu tukampeleka kwa daktari, mimi upande huu na Denise upande ule kama askari.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mji ulinisema. Orrin alilieneza, kwamba Rowena Gutshall amemkana shemeji yake hadharani mbele ya watu, na akina mama kanisani wakaanza kunipa salamu nusu. Sikuwaeleza. Lile halikuwa langu la kueleza. Verlin mwenyewe hakunisemesha mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Alikaa kwa Denise, anakwenda kwa daktari, anameza dawa, halafu akarudi kwake na Banjo. Nami nikawa napita kila asubuhi. Nasimamisha gari barabarani, naangalia kama moshi unatoka, naangalia kama pazia limefunguliwa. Siku moja akatoka na kikombe mkononi akafoka, "Unanichunguza?"

"Ndiyo nakuchunguza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Na mimi sichoki."

Akaingia ndani akaubamiza mlango. Nikaondoka nimefurahi, maana mlango uliobamizwa una mtu nyuma yake. Lakini kumwamini sikumwamini. Akicheka nilijiuliza anacheka nini. Akinyoa nilipata homa. Siku moja alinipa mayai, kuku wake wanataga sana, nikamuuliza maswali mpaka akayachukua akarudi nayo. Na kile kikaango kilikuwa juu ya rafu yangu, sijakipikia hata yai. Nilikuwa siwezi kukigusa. Kila nikikiona nilisikia lile "Chukua. Kuanzia leo ni chako."

Mwezi wa tano, nafua, nikasikia pikapu. Banjo kichwa nje dirishani. Verlin akashuka, hajanyoa, shati lina mafuta ya gari, akaja moja kwa moja mpaka ngazini, hakunisalimia.

"Nimekuja kuchukua kikaango changu."

Nikasimama na shuka mbichi mikononi. "Ulinipa."

"Nimebadili mawazo."

"Mtu hapokonyi zawadi, Verlin. Wapi umeona?"

"Nimevua samaki, nataka kukaanga. Ile sufuria aliyonipa Denise inagandisha." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Usiniambie umekitia sabuni."

"Sijakitia sabuni."

"Na kesho nitakaanga viazi. Kwa hiyo sikirudishi."

Niliingia ndani. Nilikitoa kwenye rafu kwa mikono miwili, kizito kile, nikampa. Akakigeuza, akakipitisha kidole chake nusu kote ndani, akanusa, mchana kweupe ananusa kama nimemwibia. Akaguna. Akakiweka kwenye kiti karibu na mbwa, akaondoka bila kusema asante.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni na shuka langu mbichi, nikampigia Denise.

"Mama mkubwa? Kuna nini?" Sauti ilishamtetemeka.

"Baba yako," nikamwambia. "Amekuja kuchukua kikaango."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.